Kuikataa Dunia kwa Ajili ya Nani?

Miongoni mwa maswali ambayo watafutao ukweli hutuuliza, yako yanayojibiwa kwa aya moja, na yako yanayomfanya mwalimu alale nayo. Swali nitakaloliandika hapa ni la namna hii ya pili.

Katika chuo cha dini ninachofundisha huku ugenini, wageni huja mara kwa mara kuuliza habari za Islam. Jioni moja alikuja kijana aliyesomea uchoraji. Alikuwa amesoma vitabu vyetu kadhaa, na adabu yake ilikuwa njema. Akaniambia: “Maalim, nyinyi mwafundisha kwamba mtu hawezi kuishinda tamaa ya dunia ila kwa kumjua Mungu. Lakini mimi namjua mchoraji mmoja wa Marekani aliyezikataa fedha, sifa na soko maisha yake yote, wala hakufanya hivyo kwa ajili ya dini yoyote. Na nimewaona watu wa dini ambao dunia imewala mpaka mifupa. Basi dini ya nini?”

Sikutaka kumjibu haraka. Nilimwomba anipe muda nisome habari za mtu huyo. Nami naona ni vema wasomaji wapendwa, hasa ndugu zetu walioingia karibuni katika Jamaat na wale ambao bado wanachunguza, wapate kuyasikia niliyoyaona.

Mchoraji huyo aliitwa Clyfford Still. Alizaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Grandin, jimbo la North Dakota, na akakulia katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, na huko Bow Island katika Alberta, Kanada, ambako jamaa zake walilima ngano katika nchi kavu. Aliijua jembe na aliijua njaa. Picha zake za kwanza zilikuwa za wakulima waliokonda na mashine za mashambani. Alifundisha miaka mingi katika chuo cha Pullman, Washington. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akafanya kazi katika viwanda vya vita huko California. Na katika miaka hiyo hiyo picha zake zikaacha kabisa sura za watu na vitu. Zikawa rangi tupu: weusi mpana, wekundu, manjano, vikiwa vimepasuliwa kama ardhi iliyokauka au kama mwali wa radi, vimepakwa kwa kisu bapa juu ya turubai lenye upana wa mita tatu na zaidi. Hata majina alikataa kuzipa, akaziandika kwa mwaka na namba tu, ili mtazamaji asimame mbele ya picha bila kuongozwa na maneno.

Mwaka 1946 picha zake zilionyeshwa New York, na baada ya miaka michache alihesabiwa miongoni mwa wakubwa wa uchoraji wa namna hiyo, pamoja na Mark Rothko na Barnett Newman. Mlango wa utajiri ulikuwa wazi mbele yake. Hapo ndipo alipougeuzia kisogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alivunja uhusiano na nyumba za kuuzia picha, na kwa miaka kadhaa akakataa takriban kila mwaliko wa maonyesho. Mwaka 1957 alialikwa kuiwakilisha nchi yake katika maonyesho makuu ya Venice, Italia, akakataa. Mwaka 1961 aliuhama mji wa New York, akaenda kuishi shambani katika jimbo la Maryland, na huko akaendelea kuchora mpaka kufa kwake mwezi wa Juni 1980. Hakuacha kuuza kabisa. Aliuza chache, kwa wakati aliotaka mwenyewe na kwa masharti yake. Nyingine aliwapa watu bure: picha 31 alilipa jumba la sanaa la Buffalo mwaka 1964, na 28 akalipa jumba la San Francisco mwaka 1975. Zilizobaki, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya kazi ya maisha yake, alikaa nazo.

Naye aliacha wasia wa ukurasa mmoja tu. Humo alisema kwamba kazi zake zote zilizobaki zipewe mji wowote wa Marekani utakaokubali kujenga jumba kwa ajili ya picha zake peke yake, na kwamba isiuzwe hata moja, wala kutolewa zawadi, wala kubadilishwa.

Hizo ndizo habari zake kwa ufupi. Sasa tuzipime.

Kwanza, Kurani Tukufu imetuamuru katika Surat Al-Maida tufanye uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse kwa mtu ambaye hakutudhuru kitu. Uadilifu wadai tukiri kwamba katika maisha haya mna jambo la kutahayarisha wengi wetu. Mtu huyu aliona kwamba soko lina namna ya kukigeuza kila kitu kuwa bei. Aliona kwamba mchoraji anayeuza leo, kesho huchora kile kilichouzwa jana. Na keshokutwa hajui tena kama mkono wake wamtii yeye au wamtii mnunuzi. Kwa kulijua hilo, alikubali kuishi kwa mshahara wa ualimu kuliko kuishi kwa mikono ya wafanya biashara. Je, ni wahubiri wangapi ambao hotuba yao hubadilika kwa kuwatazama matajiri walioketi safu ya mbele? Ni waandishi wangapi ambao kalamu zao zina mwenyewe? Mwaminio huchukua somo popote alipolikuta, na somo hili nalichukua kwa shukrani.

Lakini je, kukataa kwenyewe ni wema? Hapa ndipo panapohitaji tafakari.

Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, ameeleza kwa kutegemea Kurani Tukufu kwamba mtu anazo hali tatu: hali ya maumbile, hali ya tabia njema, na hali ya kiroho. Akabainisha kwamba msukumo wa maumbile hauwi tabia njema mpaka uongozwe na akili na kutumiwa mahali pake na kwa wakati wake. Kondoo hamdhuru mtu, lakini hatusemi kondoo ana tabia ya upole, kwani hakuchagua. Mtoto mchanga hajali dhahabu, lakini hatusemi mtoto ameipa dunia kisogo. Kadhalika mtu aweza kukataa fedha kwa sababu ameumbwa mkavu na mpweke, asiyependa kuingiliwa. Hayo ni maumbile. Aweza kukataa kwa sababu amepima akaona kwamba fedha hizo zitaharibu kitu kilicho bora zaidi. Hiyo ni tabia njema, na nadhani Still alifika hapo mara nyingi. Na aweza kukataa kwa sababu yeye mwenyewe si wa nafsi yake tena, bali sala yake, uhai wake na kufa kwake vimekuwa vya Mola wa walimwengu wote, kama tunavyofundishwa katika Surat Al-Anaam. Hiyo ni hali ya kiroho.

Mtu atasema: tofauti hizo ni za maneno tu, maana kwa nje watu wote watatu wamefanya jambo moja. La, si za maneno. Tofauti huonekana kwa matunda yake, nami nitazitaja alama tatu.

Alama ya kwanza ni kwamba anayekataa kwa ajili ya Mungu huweza pia kukubali kwa ajili ya Mungu. Hakifanyi kitendo cha kukataa kuwa sheria iliyo juu yake. Islam haikulilaani soko. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe alifanya biashara, na Kurani Tukufu imehalalisha biashara ilipoharimisha riba. Abdur-Rahman bin Auf r.a. alipofika Madina mikono mitupu, ndugu yake Saad bin Rabii r.a. alimtolea nusu ya mali yake. Abdur-Rahman akamwombea baraka, kisha akauliza: soko liko wapi? Tazameni ajabu hiyo! Mtu huyu alikuwa ameacha kila kitu Makka kwa ajili ya imani yake. Na siku aliyopewa mali ya bure aliikataa akaenda sokoni kuuza na kununua. Kuacha kwake mali na kwenda kwake sokoni kulikuwa na chemchemi moja. Na Kurani Tukufu katika Surat An-Nur huwasifu watu ambao biashara haiwasahaulishi kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Haiwasifu kwa sababu hawana biashara. Basi ugonjwa hauko katika soko, bali uko katika moyo ambao umelipa soko ufunguo.

Alama ya pili ni unyenyekevu. Anayekiacha kitu kwa ajili ya nafsi yake, nafsi hudai ijara. Still aliacha sifa za watu, lakini marafiki wake wa zamani, Rothko na Newman, aliwaona kuwa wamejiuza, na urafiki ukavunjika. Inasimuliwa hata kwamba alipogombana na rafiki mmoja aliyekuwa na picha yake nyumbani, alikwenda huko na kisu akakata sehemu ya katikati ya turubai akaondoka nayo. Sitaki kumhukumu maiti. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye vifua. Lakini Kurani Tukufu imetuonya katika Surat Al-Furqan juu ya mtu aliyefanya matamanio yake kuwa mungu wake. Mtu aweza kukimbia sanamu iliyo sokoni, akafika chumbani kwake akakuta nyingine inamngojea, naye ndiye aliyeichonga.

Ndugu msomaji, nisikuache ufikiri kwamba naandika haya kama mtu aliyesalimika. Nilipoyawakfu maisha yangu kuitumikia dini, nilikuwa nimepata kazi yenye mshahara mzuri, nikaiacha. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mwenzangu wa shule, amefanikiwa, ana gari na nyumba. Tulizungumza saa nzima. Katika saa hiyo nilitaja mara tatu kwamba mimi nilikuwa na kazi nikaiacha. Yeye hakunitajia gari lake hata mara moja. Usiku ule sikupata usingizi. Nilitambua kwamba nilikuwa nimeiuza kazi ile baada ya yote, nami nilikuwa nadai bei yake kwa kila niliyekutana naye. Mwenyezi Mungu ametupigia katika Surat Al-Baqara mfano wa sadaka iliyoharibiwa kwa masimbulizi na kujionyesha: ni kama jabali lililofunikwa na udongo kidogo, ikanyesha mvua kubwa, jabali likabaki tupu. Mimi niliiona mvua hiyo kwa macho yangu.

Alama ya tatu ni namna mtu anavyokiachilia kile alichokiacha. Na hapa mwisho wa habari za Still una fundisho kubwa.

Alipokufa mwaka 1980, picha zake zilifungiwa. Wasia haukuruhusu zionyeshwe mpaka mji upatikane. Mwaka 2004 mji wa Denver, jimbo la Colorado, ulikubali masharti, na jumba likafunguliwa mwezi wa Novemba 2011. Kwa muda wa miaka 31, kazi za mtu huyu, ambazo hesabu yake pamoja na michoro ya karatasi inapita 3,000, zilikuwa gizani, nyingi zikiwa zimekunjwa kama mikeka. Aliyezichora akitaka ziseme na watu, alizinyamazisha kwa kuogopa watu.

Na tazameni lililofuata. Jumba linahitaji walinzi, taa na mafundi. Yote hayo hutaka fedha. Mji wa Denver ukaomba ruhusa ya kuuza picha nne kutoka katika mali iliyoachwa na mkewe, aliyefariki mwaka 2005, kabla hazijaingia katika jumba. Mahakama ya Maryland ikaruhusu. Zikanadiwa New York mwezi ule ule wa Novemba 2011, zikapata zaidi ya dola milioni 114. Na moja peke yake, ya mwaka 1949, ikapata zaidi ya dola milioni 61. Ni nini kilichozipandisha bei kiasi hicho? Pamoja na uzuri wake, ni uhaba wake. Soko alilolikataa lilikuwa limekaa kitako miaka thelathini likingoja, na kukataa kwake ndiko kulikokuwa kumezinenepesha kwa ajili ya siku hiyo.

Simcheki, wala siwalaumu watu wa Denver, ambao bila fedha hizo huenda wasingaliweza kuutimiza wasia wenyewe. Nasema tu kwamba mwanadamu hawezi kuulinda usafi wa kazi yake kwa mkono wake mwenyewe baada ya mkono huo kuwa udongo. Kitu kilichofichwa ili kisiwe na bei hupata bei kwa kufichwa kwake. Hakuna amana iliyo salama ila ile iliyokabidhiwa kwa Yule asiyekufa.

Ndiyo maana wasia mwingine, ule ambao Seyidna Ahmad a.s. aliuanzisha mwaka 1905 kwa kitabu chake Al-Wasiyyat, una roho tofauti. Humo mwaminio huahidi kutoa kuanzia sehemu ya kumi mpaka theluthi ya mali na mapato yake kwa ajili ya kueneza dini ya Mwenyezi Mungu. Huanza kutoa angali hai, mikono yake ikiona kinavyotoka. Wala haweki sharti kwamba jina lake liandikwe juu ya mlango, au kwamba senti zake zisichanganywe na senti za mwingine. Senti ya mjane na noti ya tajiri huingia mfuko mmoja, na hakuna ajuaye ipi ilinunua tofali na ipi ilichapa kitabu. Mchoraji alisema: chukueni vyote, lakini viwe vyangu peke yangu daima. Mwaminio husema: chukueni sehemu hii, wala isijulikane tena kuwa ilikuwa yangu. Kwa hesabu, wa kwanza ametoa zaidi. Lakini ni yupi aliyeachilia?

Yule kijana alirudi baada ya majuma matatu, nami nikamweleza haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Maalim, umesema vizuri. Lakini mimi sikuuliza tu kama mchoraji alikuwa na kasoro. Niliuliza kwa nini watu wa dini wameliwa na dunia.” Nikaona kwamba alikuwa na haki ya kuuliza, na kwamba nilikuwa nimetumia muda mrefu kumpima aliyekufa, na muda mchache kujipima sisi tulio hai.

Nikamjibu hivi: Dini si kinga anayovikwa mtu siku anapoingia, isimtoke tena. Ni dawa, na dawa isiyonywewa haiponyi, ijapokuwa imejaa kabatini. Mtu asiye na dawa hii aweza kwa nguvu ya maumbile yake kusimama muda mrefu kuliko sisi tulio nayo na hatuinywi. Na hilo ni hoja juu yetu, si hoja juu ya dawa. Siku ya hukumu huenda mtu kama Still akatuaibisha wengi, atakapoulizwa mhubiri: huyu aliiacha dunia kwa ajili ya rangi, wewe uliyeambiwa habari Zangu uliacha nini?

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama yeye aache kuchora. Nikamwambia: “Mwanangu, sikukuambia hivyo. Chora. Ukitaka kuuza, uza kwa haki. Ukiona kuuza kunakuharibia mkono, acha. Lakini kila usiku kabla ya kulala jiulize, leo nimefanya kwa ajili ya nani? Ukipata jibu lenye kukutuliza mara moja, lichunguze tena.”

Wapendwa wasomaji, swali hilo si la wachoraji peke yao. Wengi wenu mmeacha vitu mlipoupokea ukweli: wengine jamaa, wengine kazi, wengine heshima mliyokuwa nayo misikitini au makanisani. Msiyahesabu mliyoyaacha, na wala msiwadharau waliobaki nayo. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba vitendo hulipwa kwa kadiri ya nia, akatoa mfano wa watu wawili waliohama nyumbani kwao kwa njia moja, mmoja akihamia kwa Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, na mwingine akihamia kitu cha dunia alichokitaka. Vumbi la miguu yao lilikuwa la rangi moja.

Mwenyezi Mungu atujalie tukiache kinachotakiwa kuachwa, tukishike kinachotakiwa kushikwa, na atusahaulishe kuhesabu vyote viwili. Amin.